Mwekundu Mwenye Baka Jeupe

"Baba Kabula, nimewaona!" Mke wangu aliibuka majini kando ya boti, miwani ya kuzamia imembana pua. "Mmoja mwekundu, ana baka jeupe usoni, mkia mweusi. Mzuri huyo!"

Tulitoka Bariadi tukaja huku Mafia kwa sababu daktari alisema macho yake hayamalizi mwaka, naye alitaka kuona samaki wa rangi kwanza.

Nahodha akafungua mdomo. Chini yetu palikuwa na mchanga mtupu, matumbawe yalikuwa bado mbele. Nikamkanyaga mguu.

Mwekundu, baka jeupe usoni, mkia mweusi: huyo ni ng'ombe wetu, tumemwacha zizini nyumbani.

"Hata mimi nimemwona," nikasema. "Tena amenenepa."

Akacheka, akaninyooshea mkono nimvute, upande ambao sikuwepo.