Siku ya Kufungua Kamba

Baada ya kumfundisha msimu mzima wa mahindi, Nabwile alimfungua mbwa kamba mbele ya ugali wake. Papo hapo kuku akaja na vifaranga, bila haya, wakaanza kuudonoa.

"Akiuma hata kimoja, leo anahama hapa," mumewe alionya.

"Mzee, kitendawili!"

"Wewe nawe! Haya, tega."

"Askari wangu ana meno, na kuku wanampokonya chakula."

Kifaranga kimoja kikapanda puani pa mbwa. Mdomo ukainuka, jino likaonekana.

Mbwa akainua macho, akamtazama Nabwile vile alivyofundishwa, akangoja, mate yakimdondoka.

"Mzee, nipe mji!"

"Chukua Kitale," mzee akanong'ona. "Chukua na Bungoma."