Kofia ya Karatasi

Yvette aliibandika picha ukutani, juu kabisa ya ratiba ya kwaya, kabla mtu yeyote hajamruhusu. Ibada ilikuwa imekwisha, watoto wametolewa nje wacheze, na watu wazima wa kanisa lile la Wakongo pale Auburn walikuwa wamebaki kwa jambo moja tu: kuamua kama Mama Chibalonza ni mchawi.

Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wote, miaka sabini na mmoja, mikono juu ya mapaja. Wakimwona ana hatia watamfukuza kanisani, na mwanawe Patient alikwisha kusema hatalala nyumba moja na mchawi. Hapa Sydney hana mtu mwingine. Kosa lake lilikuwa kuwapaka wajawazito mafuta tumboni na kuwaombea, kama alivyofanya Bukavu maisha yake yote. Tangu mwezi wa nne mimba mbili zilikuwa zimetoka, na moja ilikuwa ya Yvette.

Ndiyo maana watu walipigwa na butwaa kumwona yeye, kati ya wote, amesimama kumtetea. Mchungaji Balthazar alimkonyeza mara mbili aketi. Hakuketi.

Akawaambia picha hiyo ni ya Kihispania. Mchoraji aliichonga kwenye bamba la shaba, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, kisha akaipiga chapa kwenye karatasi. Aliiona kwenye jumba la sanaa mjini, siku alipowapeleka matembezi wazee anaowahudumia kule Doonside. Tangu hapo hakupata raha. Alirudi na treni mara mbili, siku zake za mapumziko, akaipiga picha kwa simu na kwenda kuichapisha kubwa.

Katikati palikuwa na bibi kizee ameketishwa jukwaani, kichwani kofia ndefu ya karatasi iliyochongoka. Vijana wawili wa kwaya wakacheka. Yvette akawangoja wamalize.

"Kofia hiyo walivalishwa watu walioshtakiwa uchawi," akasema. "Walioshtaki ni Wakristo, kama sisi. Na korti ilikuwa ya kanisa."

Ephraim, mzee wa kanisa, akakunja uso. "Dada, hiyo ni history ya wazungu. Sisi tuko na meeting hapa."

Yvette akasema mchoraji yule hakuhangaika sana na bibi. Alimchora ameinama, basi. Ujuzi wake wote aliumalizia kwa watazamaji. Akaanza kuwaonyesha kwa kidole mmoja mmoja, na hapo ukumbi ukaanza kukosa raha. Kasisi anayesoma mashtaka, kidevu juu, anaipenda sauti yake. Bwana mnene anayesinzia wakati mtu anaharibiwa maisha. Mama mwenye kikapu aliyekuwa anapita tu, sasa hataki kupitwa na uhondo. Hakutaja jina la mtu, lakini kila mmoja alijiona, na wengi walimwona jirani kwanza.

"Na huyu?" akauliza mama mmoja wa safu ya mbele.

Pembeni, nyuma ya nguzo, alisimama mwanamke kijana aliyejifunika shali mpaka puani. Wote walimtazama bibi isipokuwa yeye. Yeye alitazama chini.

Yvette akamwekea kidole. Huyo ndiye aliyemrudisha jumba lile mara mbili.

"Huyo ndiye alipeleka habari," akasema. "Anataka yaishe haraka, arudi kwake."

Ephraim akasema mambo ya shali yaachwe, hapa kuna barua ya kumshtaki mama huyu. Kweli ilikuwepo. Mchungaji alikuwa ameisoma mbele ya waumini Jumapili tatu mfululizo, kidole gumba kimefunika sahihi, na kote Auburn watu walikuwa wakikisia nani aliiandika. Yvette aliijua neno kwa neno. Akaisema pale pale bila karatasi: ndoto, mafuta, mkono wa bibi uliokuwa wa baridi. Kila sentensi aliikatiza na kuuliza nani alishuhudia. Akauliza nani hapa hakuwahi kupoteza mtoto, wake au wa ndugu yake, kabla ya kumjua mama huyu. Hakuna mkono ulioinuka.

"Mimi daktari aliniambia," akasema, sasa kwa hasira. "Moyo wa mtoto ulisimama wiki moja kabla sijapakwa hayo mafuta. Aliniambia siku ileile mimba ilipotoka. Sikutaka kusikia."

Mama Chibalonza akainua uso kwa mara ya kwanza. Yvette alikuwa ameshamgeukia mchungaji.

"Pasta, taja jina la aliyeandika."

Mchungaji akasema aliahidi siri, na siri ya mchungaji haivunjwi hivi hivi. Jasho lilikuwa limemtoka ingawa feni zilikuwa zinazunguka.

"Barua uliisoma kwa sauti," Yvette akasema. "Na jina ulisome kwa sauti. Mama huyu amekaa mbele ya watu. Aliyemleta kwenye kiti hicho naye asimame mbele ya watu."

Watu wakaanza kuitikia. Ephraim mwenyewe akasema ni haki, litajwe. Patient alisimama kutoka safu ya nyuma, macho mekundu, akasema anataka kumjua mtu huyo. Mchungaji Balthazar aliitoa barua kwenye Biblia yake, akaikunjua, akaikunja tena, kisha akainama karibu na Yvette.

"Dada, ni weye mwenyewe uliniomba nisilitaje."

"Leo nakuomba ulitaje."