Uji wa Kifungua Mimba

"Siyo huu," bikizee akasema, akausukuma mkono wenye kijiko. Huo ulikuwa uji wa saba tangu asubuhi.

Mchanganyaji akarudi jikoni huku akisonya. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kuchanganya harufu kwenye kiwanda cha biskuti, na hapakuwa na biskuti iliyomshinda. Leo sufuria moja ya uji inamtoa jasho! Mezani alikuwa amepanga chupa zake ndogo za harufu: maziwa, siagi, iliki, vanila. Akizidisha vanila, iliki inamezwa. Akiongeza iliki, maziwa yanapotea kana kwamba hayakutiwa kabisa. Kila chupa ilinukia vizuri peke yake. Zikikutana tu, zinagombana.

Hii ilikuwa siku ya nne bikizee hajala. Daktari alishasema kwamba ikifika jioni hajameza kitu, kesho atatiwa mpira wa kulishia puani. Mara iliyopita aliung'oa mwenyewe, damu zikamtoka.

Uji wa nane ukaenda.

"Onja kidogo tu, bibi," muuguzi akambembeleza. "Unanukia kweli."

"Unanukia duka," bikizee akajibu. "Mimi nataka wa kifungua mimba wangu. Huyu mama wa watu anajitahidi, sikatai, lakini mwache akapumzike. Angekuwapo mwanangu nisingeteswa hivi."

Muuguzi akamtazama mchanganyaji, kisha akainamisha macho.

"Sasa huyo mwanao alikuwa anatia nini?" mchanganyaji akauliza, sauti ikampanda kuliko alivyotaka. Aliona haya kumkasirikia mgonjwa.

"Atie nini, mtoto wa miaka tisa? Mimi niko kitandani na homa yangu, yeye anapika huku anacheza. Uji unashika chini. Halafu ananiletea na kuniapia kwamba haujaungua!" Bikizee akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Mchanganyaji akaganda pale pale, kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha akakimbilia jikoni.

Mkobani mlikuwa na chupa moja ambayo hakuigusa siku nzima, ya harufu ya maziwa yaliyoungua. Kiwandani harufu hiyo ikisikika tu, unga wote wa siku unatupwa, na yeye mwenyewe alishawafokea watu wazima kwa ajili yake. Akatia tone moja, akakoroga, akanusa. Kuungua kwenyewe hakukusikika. Lakini maziwa yaliinuka, iliki ikajitokeza, na ule ugomvi wote ukaisha. Wazimu mtupu! Alitamani kuibamiza sufuria ukutani.

Bikizee akameza kijiko cha kwanza, cha pili, kisha akalishika bakuli mwenyewe na kulimaliza.

"Huu ndio wake," akasema, akiangaza macho chumbani. "Kumbe amekuja. Mbona haingii?"

Mchanganyaji akavua aproni, akatoka, akafunga mlango. Alisimama kidogo huko nje akijifuta macho; kiapo kile cha uongo alikuwa amekisahau tangu utotoni. Kisha akabisha hodi, akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kifungua mimba wangu! Mbona umekawia hivyo?" Bikizee akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni. "Hebu mwambie yule mama wa uji aende kwao. Amenichosha."