Shokapu za Njia ya Ngomo

Pale Mchesi, mtaa wa Lilongwe nchini Malawi, fundi aliweka mezani shokapu za aina mbili, zote zilizokwisha kutumika, ambazo Delphin angeweza kuzimudu.

"Kamata hizi fupi," fundi alisema. "We kila siku ni Dzaleka na Lilongwe tu. Gari itashika lami muzuri. Zile ndefu zitakuyumbisha bure."

Delphin alijua ni kweli. Tangu afike Dzaleka, kambi ya wakimbizi, hajaendesha kwingine.

Hata hivyo kidole chake kilihamia kwenye ile ndefu, kikapanda moja moja meno ambayo pete ya kuinulia gari hufungwa, mpaka juu.

"Hizi zinaweza kupanda mlima wa Ngomo, kule kwetu, tukiwa bantu batano na mizigo?"

Fundi, naye mtu wa Uvira, upande huo huo wa Kongo, aliacha kufuta mikono.

"Nifungie hizo," Delphin alisema. "Pete uiache juu kabisa."