Nukta za Zambarau

Kofi la tatu lilimwangusha fundi pamoja na kiti chake.

"Dada, mdogo wako yuko wapi?" aliuliza Kinyozi. Jina hilo alilipata kwa sababu ya wembe wake, maana nywele hakuwahi kumnyoa mtu.

Fundi alitema jino. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo ya kiwanda cha barafu kwenye kompyuta. Mdogo wake, kwa bahati yake mbaya, jana alimwona Kinyozi akimchinja mtu. Ndugu mwingine fundi hakuwa naye duniani.

"Mbona kiwanda kitupu?" aliuliza Bonge, mwenzake Kinyozi. Walikuwa wameruka ukuta wa nyuma, na sasa alichungulia dirishani. Mbali, nje ya geti, wafanyakazi walisimama kundi moja. Mmoja wao ovaroli ilikuwa imemmeza.

"Mapumziko," alisema fundi.

Kinyozi alimwinua kwa nywele, akambandika uso kwenye skrini. Kila chumba kilikuwa na nukta zake za rangi. "Hapa si ndipo panapoonyesha watu walipo? Haya, nisomee."

"Kijani ni kipimo cha sasa hivi. Nyekundu ni hatari. Kijivu, kifaa kimekufa. Zambarau ni..."

"Sikuja shule hapa!" Kofi jingine. Kisha akamshika kidole kidogo, akakivunja. Fundi alipiga yowe. Kinyozi akashika cha pili.

"Chumba cha amonia!" alilia fundi. "Amejificha chumba cha amonia. Msimuue, kaka zangu, nawaomba, ni mtoto wa mama yangu!"

Kinyozi aliinamia skrini. Kweli, chumba cha amonia kilisema: MTU YUMO. HEWA SALAMA. Nukta zote mbili za zambarau. Kwingine kote, ukiacha chumba hiki walimokuwa, kulikuwa kijani: HAKUNA MTU.

Bonge alisita. "Bosi, amonia si ndiyo ile gesi inayounguza macho na mapafu?"

"Imeandikwa hewa salama. Au na kusoma pia hujui?"

Walimfunga fundi kwenye kiti kwa waya wa simu, wakashuka ngazi mbio, mmoja na wembe, mwingine na nondo.

Fundi alilia. Alilia kwa sauti, bila haya, maana kidole kilimuuma kuliko uchungu wa kuzaa. Kwenye skrini, mlango wa chumba cha amonia ulifunguka. Ulikuwa mlango mzito, wa kujifunga wenyewe, nao ukajifunga.

Mayowe yalipanda kupitia sakafu. Mtu mzima aliita mama yake. Nondo iligonga chuma, ikagonga tena, kisha kucha zikakwaruza mlango kwa muda mrefu mno. Halafu kimya.

Nje ya geti, walikokimbilia wote bomba la amonia lilipopasuka, yule aliyemezwa na ovaroli alimpungia dada yake mkono.

"Zambarau," fundi alimalizia sentensi yake, "ni kile nilichokiandika mwenyewe."