Pepeo la Bi Mwantumu

Siku hizi kasi ya feni za kompyuta hupangwa na halmashauri, tena huwekwa chini, hata kwa kompyuta ya sebuleni kwako. Mashine ikipata moto hujizima, na kazi yako ndiyo imeishia hapo.

Bi Mwantumu alikataa. Kompyuta yake ilikuwa inauchora upya mtaa wao wa zamani uliobomolewa, nyumba kwa nyumba, na sasa ilikuwa imefika mlangoni kwa mama yake. Akafungua ubavu wa kasha, akachukua pepeo la ukili alilopepelea jiko asubuhi, akaanza kupepea.

Mjumbe Shekiondo wa halmashauri alipiga hodi huku ameshaingia, kipimo cha kasi ya feni mkononi.

"Shangazi, mbona mashine yako haijazimika?"

"Feni si hizo hapo, zinajikokota kama mlivyotaka? Sheria yenu imetaja feni. Mkono wangu mmeusahau."

 Mjumbe akakigeuza kipimo taratibu, akakielekeza kwenye mkono wa Bi Mwantumu uliokuwa ukienda na kurudi.

"Basi tutaupima na huo."

Bi Mwantumu akamkazia macho, akaongeza kasi.