Kengele Haiulizi Majina

Mwalimu Tausi alisoma kwenye kompyuta programu ya Khelef ya kuita watu saa ya uji, damu ikamchemka. Wiki mbili alikuwa amefundisha kiolesura, yaani ahadi kwamba kila kitu kikiitwa kitaitika kwa namna yake, na bado huyu mwanafunzi wake alikuwa ameandika mistari arobaini ya kuhojihoji majina, mtu mmoja mmoja: kama ni fulani mpishi, pakua uji, kama ni fulani mlinzi, funga geti, kama ni fulani mwanafunzi, panga foleni.

"Mpishi mpya ameanza leo," akafoka. "Utamwongezea mstari wa arobaini na moja?"

"Sasa mwalimu, programu itajuaje la kumwambia bila kumwuliza yeye ni nani?"

Tausi aliinuka. Alitoka kwa kishindo mpaka uwanjani, akaokota nondo, akaigonga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kuwa kengele ya shule, saa nzima kabla ya wakati wa uji. Aligonga kwa hasira za wiki mbili. Wanafunzi wakamwagika kutoka madarasani, wakapanga foleni. Mlinzi akafunga geti. Mpishi mpya akafunua sufuria.

"Kengele imemwuliza nani jina?" Tausi alimpigia kelele Khelef, aliyekuwa ameganda mlangoni. "Niambie! Imemwuliza nani?"

Mwalimu mkuu naye akaja mbio mpaka kwenye sufuria, amevimba kwa ghadhabu.

"Nani kagonga kengele saa hizi? Nauliza, nani?"

Mkononi alikuwa na kikombe chake kitupu. Mpishi mpya, ambaye hakumjua, akakijaza uji.